Huzuni ya Mgonjwa wa Viungo Si Upungufu wa Imani



Kuna maradhi ambayo mwenye kuwa nayo huonekana mzima. Hana jeraha, hakohoi, hatapiki, wala hana homa ya kumlaza. Basi watu humpima kwa macho yao, na macho yakikosa cha kuona, ulimi husema: huyu mvivu, au huyu ajifanya, au huyu ana mambo yake. Maradhi hayo ni baridi yabisi, na khasa ile iletayo uvimbe wa viungo na kukaa na mtu mwaka baada ya mwaka. Leo hatutaki kusema sana juu ya viungo vyenyewe, kwani hivyo vina matabibu wake. Twataka kusema juu ya moyo wa mwenye viungo hivyo, na juu ya maneno aambiwayo na watu wanaojinasibu na dini. Kwani mengine katika maneno hayo twayaona ni dhuluma, tena dhuluma iliyovikwa nguo ya nasaha.

Kwanza, jina lenyewe lapoteza watu. Matabibu wa kale waliigawa tabia ya mwili katika joto na baridi, umaji na ukavu. Na neno yabisi kwa Kiarabu ni kilicho kikavu. Huko ndiko jina lilikotoka, na watu wakadhani kwamba maradhi haya huletwa na kuoga maji ya baridi usiku, au kulala sakafuni, au kukaa penye upepo. Lau ingekuwa hivyo, Ishiara isingekuwa na mgonjwa hata mmoja.

Ishiara ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Wambeere, kaunti ya Embu, upande wa chini ambako mvua ni haba na jua ni kali, karibu na mto Thuci utengao Embu na Tharaka-Nithi. Watu wa huko hufuga mbuzi, hulima pojo, kunde na mtama, na huchuma muguka. Kwetu pwani nchi ile yajulikana kwa huo muguka tu, ambao mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku na Mahakama Kuu ikalisimamisha katazo hilo. Nasi juu ya muguka tuna maneno yetu, lakini si ya leo. Tulikwenda Ishiara kwa mwaliko wa ndugu wachache wafanyao biashara ya mbuzi na nafaka. Na kazi zote za nchi ile, mtu akizitazama, ni kazi za vidole: kukamua, kuchuma jani mojamoja, kupukuchua maganda ya pojo, kufunga magunia. Mwenye kuharibikiwa na vidole huko amenyang'anywa riziki.

Katika nyumba moja tulimkuta mama wa Kiislamu, umri wake wapata miaka arobaini. Vifundo vya vidole vyake vya mikono miwili vilikuwa vimevimba, na ngumi hakuweza kuikunja. Binti yake ndiye amchanaye nywele na amfungaye vifungo. Alitueleza kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi asisadikiwe, ya kuwa kila alfajiri huamka mwili wote umekakamaa kama mti, hata mlango hawezi kuufungua. Kisha likishapanda jua viungo hulegea kidogo kidogo, na adhuhuri aweza kwenda sokoni. Mumewe si mtu mbaya, lakini alikuwa na neno lake alilolizoea: asubuhi mgonjwa, adhuhuri mzima. Na majirani walilipokea neno hilo wakalitia chumvi.

Kisha mama yule akasema, akiitazama mikono yake, "Laiti ningalikufa zamani." Mmoja katika waliokuwapo akamkemea palepale, akamwambia amche Mungu, hayo ni maneno ya kukata tamaa na rehema ya Mola, na mwenye imani hasemi hivyo. Mama akanyamaza, wala hakusema tena neno lolote mpaka tukaondoka.

Ndugu zetu, huyo aliyenyamaza ndiye tutakaye kumsemea.

Ama huko kukakamaa kwa asubuhi na kulegea kwa adhuhuri, si ujanja wake. Ndiyo alama mojawapo ya maradhi yenyewe. Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili wa mwanadamu askari wa kuulinda na vijidudu. Katika maradhi haya askari hao hukosea adui, wakaushambulia utando mwororo ulio ndani ya kiungo. Utando huvimba, na ukiachwa huila gegedu na mfupa. Mara nyingi huanza katika viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto sawasawa, na mtu akilala ule uvimbe hutuama, hata akiamka huwa hawezi kujikunjua kwa saa nzima au zaidi. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na mara nyingi katika umri wa kazi na kulea. Basi yule asemaye "asubuhi mgonjwa, adhuhuri mzima" ameieleza alama ya maradhi vizuri kama daktari, ila ameifanya kuwa ushahidi wa uwongo wa mkewe.

Ama huzuni yake, ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni mwili wenyewe. Maumivu hukatiza usingizi, na asiyelala huumia zaidi kesho yake, na anayeumia zaidi halali usiku wa pili. Hivyo mtu huzungushwa kama ng'ombe wa kinu. Tena madaktari wamegundua ya kuwa vile vitu viletavyo uvimbe katika damu havikomei katika goti na kiwiko, bali athari yao hufika mpaka kwenye ubongo. Mwaka 2011 wataalamu wa Erlangen, Ujerumani, walitoa habari za wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa dawa ya kukizuia kimoja katika vitu hivyo: kabla ya kupita saa 24, ubongo wao ulikuwa umepunguza kuyaitikia maumivu, hali viungo bado vimevimba vilevile. Na mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 72 zenye wagonjwa zaidi ya 13,000, wakaona ya kuwa wapata 17 katika kila 100 wana huzuni iliyofika daraja ya ugonjwa kwa vipimo vya madaktari. Na kwa fomu moja ya maswali itumiwayo sana, idadi ilifika 39 katika 100. Jee, watu wote hawa, wa mataifa na dini mbalimbali, walipungukiwa na imani kwa pamoja?

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 wa Miladi, alitunga kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi. Alibainisha ya kuwa mwili ukiugua nafsi hupata sehemu yake, na nafsi ikiugua mwili hupata sehemu yake. Tena aligawa huzuni: iko ijulikanayo sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali, na iko isiyojulikana sababu, ambayo asili yake ni mwilini, nayo hutibiwa kwa dawa ya mwili. Maneno haya yamepita miaka elfu na zaidi, na leo tunao watu ambao akija kwao mgonjwa mwenye huzuni hawana la kumwambia ila azidishe nyiradi.

Mlango wa pili ni sisi watu, na mlango huu ndio mpana.

Huambiwa: ni madhambi yako. Ni kweli ya kuwa Mtume (s.a.w.) ametubashiria kwamba Mwislamu hapatwi na taabu, hata kuchomwa na mwiba, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo makosa. Lakini bishara hii ni zawadi ya kumpa mgonjwa ili afarijike, si jiwe la kumpiga. Mwenye kuigeuza akasema "unaumwa kwa sababu umekosa" amedai ujuzi wa ghaibu asiokuwa nao. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni watu gani wenye mitihani mikubwa zaidi, aliwataja Manabii kwanza. Basi na watuambie, Manabii nao waliadhibiwa kwa madhambi gani?

Huambiwa: subiri, wala usilalamike. Hapa ndipo pana kosa kubwa, kwani watu wamedhani subira ni kunyamaza. Itazameni habari ya Nabii Ayyub (a.s.). Yeye alimwita Mola wake akaeleza ya kuwa dhara imemgusa. Na juu ya kueleza huko, Mwenyezi Mungu amemsifu ndani ya Qur'ani kuwa ni mwenye subira. Kulalama kwake hakukuivunja subira yake. Kisha angalieni aliponywa vipi. Hakuambiwa akae angojee. Aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya baridi ya kuoga na kunywa. Akaingia katika sababu. Na pamoja na afya akarudishiwa ahali zake na mfano wao pamoja nao. Jambo hili la mwisho watu hulisoma wakalipita mbio, nasi twaona ndani yake mna elimu kubwa: ya kuwa mgonjwa hajapona kwa kutulia maumivu peke yake, mpaka arejeshewe watu wake. Mke aliyetengwa chumba, mzee aliyeachwa kuulizwa rai katika mambo ya nyumba yake, mama asiyealikwa harusini kwa kuwa "hawezi kusaidia kazi", hawa dawa yao nusu i mikononi mwa jamaa zao.

Itazameni pia habari ya Nabii Yaaqub (a.s.). Alihuzunika kwa mwanawe hata macho yake yakawa meupe. Huzuni yake ilishuka katika mwili ikamtoa macho, naye ni Nabii wa Mwenyezi Mungu, hapana awezaye kumtuhumu imani. Na walikuwapo waliomkaripia: wanawe mwenyewe walimwambia kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka adhoofike au aangamie. Akawajibu kuwa mashitaka yake ayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Qur'ani imelihifadhi karipio la wanawe, na kila alisomaye ajua nani katika wao alikuwa karibu zaidi na Mola.

Na yule mama wa Ishiara aliyesema laiti angalikufa? Twaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kukataza mtu kutamani mauti kwa dhara iliyompata, na yakuwa yampasa aombe kuhuishwa maadamu uhai ni kheri kwake. Hadithi hiyo ni sahihi, nasi twaifundisha. Lakini kufundisha kuna wakati wake na adabu yake. Bibi Maryam, mwanamke ambaye Qur'ani imesema ya kuwa Mwenyezi Mungu alimteua juu ya wanawake wa ulimwengu, uchungu wa uzazi ulipomshika penye shina la mtende alitamani kuwa heri angalikufa kabla ya siku ile. Jee, alijibiwa kwa makemeo? Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaambiwa alitikise shina ziangushwe tende mbivu, ale, anywe, atulize jicho lake. Na zaidi ya hayo akaamrishwa siku ile asiseme na mtu yeyote. Aliondolewa mzigo wa kujieleza! Mwenye maradhi yasiyoonekana huulizwa kila siku na kila mpita njia ana nini, mbona jana alitembea, mbona hana kidonda. Na kule kujibu kwachosha kuliko kidonda chenyewe. Maryam aliambiwa hayo siku ileile ya kwanza; mgonjwa wetu ana miaka anajibu.

Msidhani twasema habari za bara tu. Sisi watu wa pwani tumeyaona mambo haya kwa mlango mwengine. Mwaka 2004 homa ya chikungunya iliingia Lamu, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria ya kuwa robo tatu ya watu wa kisiwa kile waliambukizwa. Mwaka huohuo ikafika Mombasa, na ikarudi Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Jina lenyewe ni la Kimakonde, tangu maradhi yale yalipotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953, na maana yake ni kujikunja kwa maumivu. Si baridi yabisi, huletwa na mbu. Lakini katika walioipata, wako ambao homa iliondoka kwa siku chache na maumivu ya viungo yakabaki miezi, na wengine miaka. Wangapi kati yao waliambiwa kuwa homa imekwisha zamani, sasa wajidekeza?

Huambiwa pia: una jini. Hapo ndipo mali ya mgonjwa inapomalizikia. Twasema kwa uwazi: kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni jambo jema lisilo bei. Ama kumpeleka kwa mganga apungiwe pepo, achinjiwe mbuzi wa rangi kadha, atozwe fedha ambazo zingenunua dawa, ni haramu juu ya hasara, kwani viungo havingoji. Miezi ya mwanzo ya maradhi haya ndiyo yenye faida kubwa kutibiwa. Mfupa ukishaliwa haurudi. Na wako waganga wa kisasa wauzao vidonge na unga barabarani, hupewa mgonjwa akaamka kesho akiruka. Mara nyengine katika vitu hivyo hutiwa kwa siri dawa ya jamii ya kotisoni, ambayo madaktari huitumia kwa kipimo na kwa muda. Mwenye kuinywa bila kujua huvimba uso, hupanda sukari, mifupa humlainika, usingizi humpotea na tabia yake hubadilika, mara furaha ya kupita kiasi, mara kulia. Kisha huambiwa jini limekasirika.

Dawa khasa ya baridi yabisi iitwayo methotreksati humezwa mara moja tu kwa wiki. Twalisema hili kwa kuwa wako waliokosea wakaimeza kila siku, nayo ikifanywa hivyo huweza kuua. Kwa kuwa ni ya mara moja kwa wiki, mgonjwa ambaye daktari amemruhusu kufunga aweza kuimeza usiku wa Ramadhani, hana haja ya kuiacha. Na ambaye daktari amemkataza kufunga, ruhusa yake i ndani ya Qur'ani, asione haya mbele ya watu. Mke atakaye kushika mimba na amwambie daktari mapema, kwani dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni na haina budi kuachwa miezi kadha kabla.

Na daktari aambiwe habari za moyo kama aambiwavyo habari za goti. Wagonjwa wengi huona haya. Husema kidole kinauma, wala hawasemi kuwa hawana tena hamu ya kitu chochote. Madaktari wana maswali mawili mepesi ya kufungulia mlango huu: katika wiki mbili zilizopita, jee, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na jee, umekuwa mwenye huzuni au kukata tamaa? Maswali haya hata mume aweza kumwuliza mkewe, na imamu aweza kumwuliza mwenye kuadimika msikitini. Jibu likiwa ndiyo, siku nyingi, basi na apelekwe hospitali. Iko tiba ya mazungumzo na iko ya vidonge, na kumeza kidonge cha huzuni ni sawa na kumeza kidonge cha presha. Asiyetibiwa huzuni huacha na dawa za viungo pia, akaona hazina maana, na viungo vikazidi.

Mtu akitamka ya kuwa ataka kufa, asikemewe wala asipuuzwe. Aulizwe waziwazi: ni uchungu ulioyatoa maneno haya, au una nia ya kujidhuru? Kumwuliza hakumtii wazo asilokuwa nalo. Kama ana nia, asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viondolewe karibu naye, apelekwe kwa daktari siku ileile. Wala mtu asiogope polisi: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilihukumu ya kuwa kile kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Kisharia kujiua ni haramu, hilo halikubadilika. Na kumwokoa mtu nafsi yake ni wajibu, hilo pia halikubadilika.

Katika ibada, mgonjwa asiongezewe tabu ambayo Mola wake amemwondolea. Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na maradhi, akamwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya sala, akaruhusiwa kukaa asipoweza kusimama, na kulala ubavu asipoweza kukaa. Mwenye magoti yaliyovimba na aketi kitini, asujudu kwa kuinamia, na safu isimgeuzie macho. Maji ya baridi alfajiri yakimzidishia maradhi, ayapashe moto. Akikosa njia, na atayamamu. Tumesikia katika msikiti mmoja kiti kiliondolewa ati chapoteza sura ya safu. Walioondoa na wasome tena mlango wa sala ya mgonjwa, upo katika vitabu vidogo vya fikihi wasomavyo watoto.

Ama huko Ishiara, tulirudi kwa yule mama siku ya pili kabla ya kusafiri, tukakaa na mumewe barazani, tukamweleza habari ya kukakamaa kwa asubuhi. Alituuliza mara mbili kama ni kweli imeandikwa na madaktari. Kisha akauliza nauli ya kwenda hospitali ya Embu na kurudi kwa watu wawili.

Na katika halaka yetu, darsa ya wanawake ya Jumamosi, iliyokuwa baada ya sala ya alfajiri, tangu wiki ijayo itakuwa saa kumi alasiri, ili wenye viungo vya kukakamaa nao waweze kufika. Viti vitawekwa upande wa mlango. Mwenye jamaa asiyeweza kutembea na atuarifu kabla ya Ijumaa, tutampelekea gari.